Makanisa Saba kwa siku ngapi? Kuwapeleka wanafunzi kwenye miji ya Ufunuo, Uturuki

SWALI: Mimi ni mkufunzi wa Agano Jipya katika chuo cha theolojia mkoani Iringa. Tuna wanafunzi 24 wa mwaka wa mwisho, na wakufunzi wawili watafuatana nao. Tunataka kuwapeleka Uturuki wakayaone Makanisa Saba ya Ufunuo sura ya 2 na ya 3. Wakala ametupangia siku tano: makanisa yote saba, Hierapoli, na siku moja kisiwani Patmo. Tumefikiria Julai, wakati wa likizo ndefu. Je, ratiba hii inatekelezeka? Na ni mambo gani huharibu safari za namna hii?

JIBU: Mwalimu, kwa siku tano wanafunzi wako watashuka kwenye basi mara saba, watapigwa picha mbele ya kibao, na kupanda tena. Barabara zipo na kilomita zinahesabika, kwa hiyo makanisa saba kwa siku tano yanawezekana. Kuyafundisha kwa siku tano ndiko kusikowezekana. Patmo iondoeni kabisa, na Julai muiache. Naanza na hayo mawili kwa kuwa ndiyo yanayogharimu zaidi yakikosewa.

Patmo ni kisiwa cha Ugiriki. Kukikanyaga mnahitaji viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi za Ulaya), ambayo ni ombi jingine lenye ada yake, miadi yake na alama za vidole zake. Tena mkishavuka kwenda Ugiriki mmekwisha kutoka Uturuki, na mwenye viza ya kuingia mara moja hawezi kurudi alikoacha begi na tiketi ya kurudia nyumbani. Boti za Kuşadası, bandari ya Uturuki, huenda Samos, kisiwa kingine cha Ugiriki, na Samos ndiko mnakotafuta chombo cha Patmo. Watu 26 hawaendi na kurudi siku moja bila kubahatisha ratiba za baharini. Huenda wakala wenu amezoea wateja ambao pasipoti zao hazidaiwi viza. Mwulizeni hilo waziwazi kabla hamjalipa chochote.

Kuhusu Julai: bonde la Denizli, iliko Laodikia, na tambarare ya Sardi hufika nyuzi 38 hadi 40 mchana. Laodikia ni uwanda wa mawe meupe usio na kivuli. Baada ya saa 5 asubuhi mwanafunzi anatafuta maji na pa kuegemea, na ufafanuzi wa Ufunuo 3 haumwingii tena. Miezi mizuri ni Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba. Kwa kalenda ya vyuo vyetu, wiki mbili za mwisho za Septemba ndizo zinazofaa: jua limepungua makali na mwaka mpya wa masomo bado haujashika kasi. Mkilazimika kubadili, epukeni siku za Idd zote mbili. Siku ya kwanza ya Idd maeneo mengi ya malikale hufunguliwa mchana tu, na barabara za nchi nzima hujaa wanaokwenda makwao.

Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Anzeni miezi sita kabla. Kikwazo cha kwanza hakiko ubalozini, kiko hapa nyumbani: kati ya wanafunzi 24 hamkosi saba au wanane wasio na pasipoti, na kati yao wawili watatu ambao namba ya NIDA haijatoka, au ambao cheti cha kuzaliwa kina jina tofauti na la vyeti vya shule. Wiki ya kwanza kabisa kusanyeni nakala za vyeti, mzilinganishe herufi kwa herufi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele kuanzia siku ya kurudi.

Mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania anahitaji viza ya Uturuki. Ubalozi wao uko Dar es Salaam, na utaratibu wa siku hiyo mwuulizie huko huko, wala msitegemee maelezo ya mtu aliyesafiri miaka mitatu iliyopita. Maombi ya kundi hupata nguvu kwa barua moja ya chuo yenye orodha ya majina yote, namba za pasipoti, tarehe, hoteli za kila usiku na jina la anayelipa. Kila mwanafunzi awe pia na barua ya uthibitisho wa masomo, taarifa ya benki yake au ya mdhamini pamoja na barua ya mdhamini huyo, na bima ya safari. Pesa iliyoingizwa benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba huonekana, na humtilia mwombaji shaka.

Kisha jambo ambalo vikundi vingi hulisahau. Hata mkijiandaa vizuri, mmoja au wawili wanaweza kunyimwa. Mkataba na wakala useme mapema fedha zao zinarudi kiasi gani, hadi tarehe gani jina linaweza kubadilishwa, na bei inakuwaje kundi likipungua. Hapo ndipo bajeti huvunjika. Basi, dereva na mwongoza watalii hulipwa kwa kundi zima. Tuseme vitu hivyo vitatu vimegharimu dola 6,000, mfano tu: watu 24 wanachangia dola 250 kila mmoja, na wakibaki 18 kila mmoja anachangia 333. Pigeni bei kwa watu 20 tangu mwanzo. Wakienda 24, ziada itakuwa akiba ya dharura.

Viingilio vya wageni Uturuki hupangwa kwa euro na hupanda. Mwaka 2024 Efeso ilifika euro 40 kwa mtu, maana yake watu 26 ni euro 1,040 kwenye geti moja. Msiweke tumaini kwenye kitambulisho cha mwanafunzi, kwa sababu punguzo kwa kawaida ni la wanaosoma vyuo vya huko. Ziko kadi za makumbusho za siku 7 kwa ukanda wa Aegea na za siku 15 kwa nchi nzima, na siku zake huanza kuhesabiwa mnapopita geti la kwanza. Jumlisheni viingilio vya ratiba yenu halisi, mlinganishe na bei ya kadi, ndipo mwamue.

Tiketi za ndege zikatwe pamoja kama safari moja kutoka Dar es Salaam au Kilimanjaro hadi Izmir. Istanbul ina viwanja viwili vya kimataifa: Uwanja wa Istanbul upande wa Ulaya, na Sabiha Gökçen upande wa Asia, na kati yake ni mwendo wa basi unaozidi saa moja hata foleni isipokuwepo. Mtu akiona tiketi ya ndani ya bei poa akainunua peke yake, ajikute ameshuka uwanja mmoja na ndege yake inaondokea mwingine, hakuna shirika litakalowajibika. Angalieni pia tarehe. Ndege nyingi za kutoka kwetu huondoka usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa tarehe 18, saa 03:30, ni saa 9 na nusu usiku, kwa hiyo wanafunzi wanakwenda uwanjani tarehe 17 jioni. Andikeni kwenye ratiba kwa maneno: “Tukutane uwanjani Alhamisi jioni.” Na kila muda uandikwe kwa saa zetu na kwa saa za kimataifa, bega kwa bega, kwa kuwa mwongoza watalii atasema “eight” na nusu ya kundi itaelewa saa nane mchana. Habari njema ni kwamba Uturuki hutumia saa zile zile za Afrika Mashariki mwaka mzima, hivyo hamrudishi wala kusogeza mishale.

Njia na siku

Ombeni siku nane kamili kwenye ardhi ya Uturuki, pamoja na ya kufika na ya kuondoka. Mpangilio wa barua katika Ufunuo 1:11 unazunguka kama mbeba barua: Efeso, kaskazini hadi Smirna na Pergamo, kisha ndani ya nchi Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia. Wanafunzi hupenda kuufuata hivyo hivyo. Mimi ningeiweka Efeso mwisho. Ni mji mkubwa wenye mengi kupita mingine yote, na mwanafunzi aliyekwisha kuona sita hujua cha kutazama, hapumbazwi na nguzo ndefu.

Siku ya kwanza mnafika Izmir, yaani Smirna, mkiwa mmekesha. Pumzikeni, alasiri mwende Agora tu, iliyo katikati ya jiji. Siku ya pili ni Bergama, yaani Pergamo, kama kilomita 105 kaskazini, na mlale huko huko. Siku ya tatu ndiyo ndefu: Akhisar kwa ajili ya Thiatira, Sart kwa ajili ya Sardi, Alaşehir kwa ajili ya Filadelfia, na kulala Pamukkale. Jumla ni karibu kilomita 320, basi liondoke saa 1 na nusu asubuhi. Siku ya nne asubuhi ni Laodikia, jioni Hierapoli. Siku ya tano alfajiri pandeni kilima cha Kolosai karibu na Honaz, kisha safari ya Selçuk, mji ulio karibu na magofu ya Efeso, kama kilomita 200, mmalizie na jumba la makumbusho la mji. Siku ya sita nzima ni Efeso. Ya saba ni Mileto, mahali Paulo alipowaagia wazee wa Efeso katika Matendo 20, na jioni semina hotelini. Ya nane mnarudi Izmir kupanda ndege.

Usigawe muda sawa kwa sawa. Thiatira ni kipande cha mtaa kilichozungushiwa uzio katikati ya Akhisar, na maduka pande zote. Dakika 45 zinatosha. Someni barua, mzungumzie vyama vya mafundi na karamu zao za vyakula vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, mkumbuke kuwa Lidia mwuza rangi ya zambarau alitoka hapo, mwondoke. Jengo lenye ukuta wa nusu duara mtakaloliona si kanisa lililoandikiwa barua, hata kama mtu atawaambia hivyo. Filadelfia nayo ni nguzo nene za matofali za kanisa la Yohana la karne ya 6, katikati ya nyumba za watu. Nusu saa inatosha, ila itumieni vizuri. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba kuta za mji huu zilikuwa zikipasuka kwa matetemeko kila mara, hata wengi wakaishi mashambani nje ya mji. Msikilizaji wa namna hiyo anaahidiwa kufanywa nguzo hekaluni, asitoke nje tena. Mwanafunzi akisimama pale akalisikia hilo, hahitaji hotuba ndefu.

Sardi wengi huikosea. Ina sehemu mbili zilizoachana kama kilomita moja. Ile ya kando ya barabara kuu, yenye jengo la mazoezi lililosimamishwa upya na sinagogi, ndiyo inayosimamisha mabasi. Ya pili, hekalu la Artemi, iko juu kwenye bonde la Pakto, na vikundi vyenye haraka huiruka. Msiiruke. Kaeni chini ya zile nguzo mbili nzima, mwinue macho mtazame mwamba wa ngome ulio juu yenu. Mwanahistoria Herodoto anasimulia kwamba Waajemi wa Koreshi walipanda ubavu ulioachwa bila mlinzi kwa sababu ulionekana haupandiki, karibu mwaka 546 KK. Zaidi ya miaka 300 baadaye jeshi la mfalme Antioko wa Tatu likaiingia Sardi tena kwa kuparamia mahali pasipolindwa. “Uwe mwenye kukesha,” inasema barua. Hapo ndipo pa kuisomea.

Mawe ya nyakati tofauti

Hili ndilo ninalokusihi, mwalimu, ulitie mkazo kuliko yote: wafundishe wanafunzi kuuliza, kabla ya kitu chochote, “Hiki kilikuwepo?” Wataalamu wengi huiweka Ufunuo karibu na mwaka 95, enzi ya kaisari Domitiano. Sasa tazama vinavyopigwa picha zaidi. Maktaba ya Kelso pale Efeso ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2, hivyo Paulo hakuiona. Hekalu jeupe la Trajano kileleni Pergamo lilikamilika chini ya Hadriano, kaisari wa karne ya 2. Agora ya Smirna mnayoitembelea ilijengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 178. Ukumbi wa sinagogi la Sardi, ambalo ni miongoni mwa masinagogi makubwa kabisa ya kale yaliyowahi kufukuliwa, ulianza kutumika hivyo karne mbili na zaidi baada ya Yohana. Kanisa kubwa la Laodikia, lililogunduliwa mwaka 2010, ni la karne ya 4. Mwanafunzi asipojua haya, atarudi Iringa na kuhubiri kwa picha ambayo wasomaji wa kwanza hawakuiona.

Na vipo vilivyokuwepo, ambavyo watu huvipita. Efeso, upande wa juu karibu na uwanja wa serikali, kuna jukwaa la hekalu la Wasebasto, yaani ibada ya ukoo wa Domitiano, lililowekwa wakfu mwaka 89 au 90. Wanaozungumzia Ufunuo 13, sura ya mnyama anayeabudiwa, wanapaswa kusimama hapo kwa dakika 20. Wenye Kigiriki watafute neno neokoros kwenye mawe yaliyoandikwa. Ni lile lile la Matendo 19:35, ambapo karani wa mji anauita Efeso mtunzaji wa hekalu la Artemi.

Pergamo pia inataka uangalifu. Madhabahu kubwa ya Zeu haipo tena. Sanamu zake zilifukuliwa na Carl Humann kuanzia mwaka 1878 zikapelekwa Berlin, na kilichobaki kilimani ni ngazi za msingi zilizoota miti. Wengine husema hiyo ndiyo “kiti cha enzi cha Shetani”. Wengine huelekeza kwenye hekalu la Augusto, la kwanza la ibada ya kaisari katika jimbo la Asia, lililoruhusiwa mwaka 29 KK. Wengine hutaja nyoka wa Asklepio, mungu wa uponyaji, ambaye hospitali yake iko bondeni. Mimi naegemea ibada ya kaisari, kwa sababu barua inamtaja Antipa aliyeuawa, na madai ya dola ndiyo yaliyoua watu. Ila wagawe wanafunzi makundi matatu kabla ya kusafiri, kila kundi litetee hoja yake juu ya kilima. Watajifunza zaidi hivyo.

Laodikia uipe saa tatu. Nenda hadi upande wa kusini, kwenye mnara wa kugawia maji, uwaite wanafunzi wasogee. Mabomba ya udongo yaliyojengewa ukutani yameziba. Ndani ya duara la bomba kuna pete juu ya pete za chokaa, nyeupe na za kijivu, hata tundu lililosalia kwenye baadhi yake halipitishi kidole gumba. Nje ya mnara kuna mabonge ya mawe yaliyotobolewa katikati na kuunganishwa kama mrija mmoja, nayo yana ukoko huo huo. Maji ya mji huu yalikuwa mazito ya madini. Ng'ambo ya bonde la Liko, kama kilomita 10, weupe wa Pamukkale unaonekana, yaliko maji ya moto ya Hierapoli, na upande wa mashariki, kama kilomita 16, ni Kolosai penye maji baridi ya mlimani.

Sasa sahihisho ambalo wahubiri wengi wanalihitaji. Husemwa kwamba Laodikia ilivuta maji ya moto kutoka Hierapoli yakafika yakiwa vuguvugu. Mfereji hautoki huko. Unatoka kusini, kwenye chemchemi za upande wa Denizli, mwendo wa kama kilomita 8. Maneno “una uvuguvugu” yanaweza bado kuegemea tofauti ya maji ya miji hii mitatu jirani: ya moto yanayoponya, ya baridi yanayoburudisha, na haya yasiyofaa kwa lolote kati ya hayo. Inabadilisha mahubiri, kwa kuwa baridi nayo inakuwa jambo jema, kama andiko lenyewe linavyosema “baridi au moto”. Lakini bomba la kutoka Hierapoli lisihubiriwe tena.

Kolosai yenyewe ni kilima cha nyasi kisicho na geti, choo wala kibao cha maana, na sehemu yake kubwa haijachimbuliwa. Wapo watakaouliza tumefuata nini. Someni Wakolosai 4:13-16, panapotajwa Laodikia na Hierapoli kwa pamoja na barua kubadilishana, huku mkilitazama bonde lote kwa mara moja. Dakika 40.

Siku ya Efeso

Fikeni geti la juu kabla halijafunguliwa, saa 2 asubuhi. Meli za watalii hutia nanga Kuşadası na kumwaga abiria Efeso kuanzia kama saa 3 na nusu, na baada ya hapo barabara ya Wakureti, inayoshuka katikati ya magofu, haipitiki kwa kundi linalotaka kusimama kusikiliza. Mwingie juu, mtokee geti la chini, na dereva aambiwe azungushe basi, la sivyo mtapanda tena mlima juani. Nyumba za Mtelemko hulipiwa tiketi yake, nazo zinastahili. Ndizo nafasi nzuri ya kuona nyumba za matajiri wa mji zilivyokuwa ndani. Kwenye ukumbi wa michezo, wenye nafasi ya watu karibu 25,000 katika ukubwa wake wa mwisho, mwanafunzi mmoja asimame chini asome Matendo 19:23-41, wengine wakae juu. Sauti itawafikia bila kipaza sauti. Kisha watazame barabara ya marumaru inayokwenda bandarini na kuishia kwenye majani. Mto ulijaza tope, na bahari sasa iko kilomita kadhaa mbali. Nyuma ya hapo ni magofu ya Kanisa la Maria, ulipofanyika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431. Vikundi vingi hugeuka kabla ya kulifika, na kwa chuo cha theolojia hilo ni kosa kubwa.

Mwili, sheria na adabu

Ajali ya kawaida katika safari hizi ni kuteleza. Marumaru ya Efeso imelainishwa na nyayo za karne nyingi, huteleza hata ikiwa kavu. Kandambili na viatu vya kanisani vyenye soli ngumu vikatazwe. Vaeni raba zenye meno. Ukumbi wa michezo wa Pergamo umekaa kama ukuta wenye ngazi, bila pa kushika. Anayeogopa kimo arudi kwa njia ya juu na kushuka kwa vigari vinavyoning'inia kwenye waya, na asichekwe. Kila mtu abebe maji lita 1.5 kwa nusu siku, kofia, na chakula kidogo mfukoni. Vyoo viko getini tu, na vya njiani hulipiwa, hivyo wawe na sarafu za lira. Chakula cha mchana ndicho kinachokula saa: agizeni kwa simu kabla ya kufika, mtaokoa dakika 50. Plagi zao ni za pini mbili za duara, za kwetu haziingii. Na kila mtu apewe namba, 1 hadi 26, mhesabiane kabla basi halijaondoka. Kuita majina kunachosha, na mchovu huitikia kwa niaba ya mwenzake.

Dereva wa basi haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, na kifaa ndani ya gari kinarekodi. Msimsihi avunje.

Wakala wa huko awe na leseni na awe mwanachama wa TÜRSAB, chama cha mawakala wa safari wa Uturuki, na kundi liwe na mwongoza watalii aliyesajiliwa. Hilo la mwongozaji ni takwa la sheria yao ya mwaka 2012, Na. 6326. Mkufunzi anayetoa maelezo kwa kundi bila mwongozaji huyo anaweza kusimamishwa. Hili huleta mvutano: mwongozaji ana hotuba zake, nawe una mtaala. Mwandikie mwezi mmoja kabla, umtajie sehemu ambazo utafundisha mwenyewe akiwa amesimama karibu, na umwombe maelezo ya uchimbuaji, ambayo mara nyingi anayajua kuliko sisi. Mheshimu, naye atawafungulia mengi.

Kusoma Maandiko, kuomba na kuimba ubeti mmoja kwa sauti ya kiasi hakuleti shida. Ibada rasmi yenye mavazi, meza na vyombo vya sakramenti huombewa kibali mapema kupitia wakala. Vipeperushi vya kugawa viachwe nyumbani. Jumapili ikiwakuta Izmir, Kanisa la Mtakatifu Polikarpo, la Wakatoliki, lipo tangu karne ya 17. Pigeni simu kabla. Ni vyema wanafunzi waone kwamba katika mji wa Polikarpo, askofu aliyechomwa moto katikati ya karne ya 2 watu bado wanasali, wala si magofu matupu.

Mwisho ni mawe. Sheria ya Uturuki Na. 2863 ya mwaka 1983 inalinda kila kipande cha kale, hata kigae cha chungu kilicholala njiani, na kukitoa nje ya nchi ni kifungo cha miaka 5 hadi 12. Uwanja wa ndege mashine huona. Mwanafunzi anayeokota kokoto ya marumaru Laodikia ili amletee mchungaji wake hana nia mbaya, ila ofisa hatauliza nia. Wauza sarafu “za kale” wa kando ya magofu nao waepukwe: sarafu ikiwa bandia umeibiwa, ikiwa halisi umevunja sheria. Yasemeni haya Iringa, myarudie siku ya kwanza kwenye basi, na usiku wa kuamkia safari ya kurudi kila mmoja amwage begi lake kitandani, akung'ute mifuko ya koti na soksi za viatu, mwenzake wa chumba akitazama. Chochote kitakachopatikana apewe mwongoza watalii usiku huo huo, aelekeze kinakorudishwa.